Mwano wa Theopista

Kuna watu Mungu kawapa miguu, wengine kawapa akili ya hesabu. Theopista alipewa koo. Na msidhani nasema kuimba. Kanisani wanaimba wengi, hata wasioweza. Nasema sauti. Akisimama nyuma ya nyumba yake, pale kitongojini nje kidogo ya Didia, akamwita mtu aliye kwenye majaruba ya mpunga kule bondeni, yule mtu anageuka na kuitika, na ng'ombe wake nao wanageuka. Mumewe, Mabula, alikuwa akisema hana haja ya kununua simu kwa sababu ameoa moja. Alikuwa mtu wa utani yule mzee, Mungu amweke pema.

Sasa kwa Wasukuma sauti ya namna hiyo ina kazi yake, na kazi yenyewe inaitwa mwano. Mgeni atasema ni yowe. Yowe! Yowe hata aliyemwona mjusi analipiga. Mwano ni pale ng'ombe wameibwa, nyumba inaungua, mtoto amezama. Anayeona anaupiga, wa karibu anaupokea, wa mbali anaupokea kwa huyo, na watu wanaacha chungu jikoni, wanashika fimbo, wanakimbia bila kuuliza ni kwa nani. Ukiusikia ukakaa, sungusungu wanakutoza faini, na ukikaidi unatengwa: moto huombi, maji huchoti na wenzako, hata salamu hupewi. Ukiupiga bure, faini vilevile. Ndiyo maana Theopista, pamoja na koo lake lote, alikuwa ameupiga mara chache mno, na kila alipoupiga watu walijaa.

Mara moja aliupiga kwa ajili ya Alois.

Alois alikuwa mtoto wa mdogo wake, marehemu Vumilia, aliyefariki mtoto angali ananyonya. Theopista na Mabula hawakujaliwa wa kuzaa, wakamchukua huyo, na toka siku hiyo kijiji kizima kikawaita Baba Alois na Mama Alois. Mtoto mwenyewe alimwita Mayu, kama Msukuma yeyote anavyomwita mama yake. Akiwa wa umri wa kuchunga ndama, mvua ilinyesha huko juu, mto ukashuka ghafla na kumkuta katikati, akang'ang'ania mti wa miiba huku maji yanamvuta. Theopista alipiga mwano mpaka akatema damu. Wakaja watu wa vitongoji vyote, wakashikana mikono kuvuka maji, na kijana mmoja, Magesa, akamdaka mtoto kwa shingo ya shati. Theopista alikaa muda mrefu baada ya hapo anaongea kwa kunong'ona, na wala hakulalamika.

Mtoto akakua, akasoma. Kichwa alikuwa nacho, hilo simnyimi. Akafika chuo kikuu, akasomea kompyuta, na Theopista akawa mtu wa kuongea kompyuta kisimani kana kwamba anazifuga. Sasa siku ile basi dogo la chuo lilipoingia shule ya sekondari, limejaa wahadhiri na wanafunzi wenye fulana za rangi moja zilizoandikwa "Kompyuta Mashinani", na wa kwanza kushuka akawa Alois, yule mama alipiga vigelegele mpaka mwalimu mkuu akaziba masikio.

Walikaa likizo yote. Tuseme ukweli, mwanzo ulikuwa mzuri. Waliwafundisha watoto kwamba kompyuta ni mtumishi asiye na akili, anafanya unachomwambia na si unachotaka. Wakawachezesha: mmoja anafungwa kitambaa machoni anakuwa roboti, mwenzake anamwamuru, hatua mbele, geuka kushoto, na roboti akijigonga kwenye mlingoti wa bendera kosa ni la aliyeamuru. Wazazi waliacha palizi zao kuja kucheka. Kisha akina mama nao wakakaribishwa darasani, na Theopista akashika kipanya kwa vidole viwili kama anashika panya wa kweli, Alois akaweka mkono wake juu ya mkono wa mama, taratibu, Mayu, taratibu. Alijisikia amelipwa kila kitu.

Kitu cha kukiachia kijiji kilikuwa wazo la Alois mwenyewe. Simu ya kijiji, aliiita. Kukitokea hatari, mtu anabonyeza namba moja, na simu za watu wote zinalia kwa pamoja, zinasema kwa Kisukuma, fisi, au moto, au ng'ombe wameibwa, mpaka vitongoji vya mbali ambako sauti ya mtu haifiki. Wanafunzi wa sekondari wataiendesha wenyewe. Kilichobaki ni sauti. Na sauti ya nani, kama si ya Mayu?

Tangazo la fisi alirekodi. La moto alirekodi. Ikafika kwenye mwano, akaondoa mdomo kwenye maiki.

"Huo hapana. Mwano haupigwi kukiwa hakuna kitu."

"Mayu, ni hapa darasani tu, tumefunga madirisha."

"Nimesema haupigwi bure."

Alois akapiga magoti pale kwenye sakafu, mbele ya wenzake wa chuo. "Ulioniokoa mimi ndio huo. Nataka na mwingine aokolewe, hata aliye mbali na koo lako." Akaona Mayu bado anatazama chini, akaongeza, "Hautatoka nje ya kijiji hiki. Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Kaburi la Vumilia! Mtu akikuapia hivyo kwa mdogo wako wa tumbo moja, utasema nini? Magesa, ambaye siku hizo ndiye aliyekuwa kamanda wa sungusungu, aliombwa ruhusa, akaitoa, akatuma watu kuwaarifu wanakijiji wasishtuke. Theopista akafumba macho. Akaukumbuka ule mto, ule mti wa miiba na kile kichwa kidogo kinachozama na kuibuka, kwa sababu bila hivyo hautoki. Ukatoka. Binti mmoja wa chuo aliangua kilio papo hapo, hajui analilia nini. Na pamoja na matangazo yote ya Magesa, wanaume wa kitongoji cha pili walifika wanahema, fimbo mkononi, wakaambiwa ni kompyuta, wakafuta jasho na kucheka. Hivyo ndivyo watu walivyokuwa wakimjia Theopista. Kumbukeni hilo.

Siku ya kufunga mafunzo, simu zote zililia, wakapiga makofi, picha zikapigwa. Basi dogo likaondoka. Alois aliaga kwa kumkumbatia Mayu wake, akasema watarudi likizo ijayo kurekebisha hiki na kile. Likizo ijayo ikapita, na iliyofuata. Namba ile ukiibonyeza, kimya. Kompyuta zikafungiwa stoo zikisubiri mtaalamu, na mtaalamu hadi leo tunamsubiri. Alois akipigiwa anasema yuko bize, amepata kazi mjini Geita, atakuja.

Sawa. Watoto wakipata kazi wanakuwa bize. Theopista alimtetea kwa kila aliyeuliza, tena kwa ukali.

Ikawa siku ya mnada wa ng'ombe. Mnada umechangamka, madalali wanapiga kelele, Theopista na Mabula wamekaa kwenye kivuli cha turubai wanakula nyama choma. Ghafla mwano! Mkali, wa karibu, unaopasua. Mnada mzima uliruka. Wanaume walinyakua fimbo, wanawake wakakusanya watoto, mafahali wakakata kamba, na Mabula na uzee wake akawa tayari mbele anakimbia. Theopista alisimama, hakukimbia. Mtu anaifahamu sauti yake hata akiwa hajawahi kuisikia toka nje.

Huko mbele walikuta gari la matangazo, na spika zimepangwa juu kama mizinga ya nyuki. Mwano ukaisha, muziki ukaingia, na kijana akabwata kwenye maiki: "Umesikia mwano? Basi jua jackpoti imelia! Weka mkeka wako leo!" Msichana akawa anarusha kofia. Kampuni ya kubeti. Wale watu waliokuja na fimbo wakatazamana, kisha mmoja akacheka, na wakicheka wawili mnada wote unacheka. Wakagombania kofia.

"Wee Theopista!" Ni Suzana huyo, jirani yake wa mpaka wa shamba. "Gashi, kumbe siku hizi unatangaza kubeti na hutuambii?"

 Theopista alijisikia kama amevuliwa kitenge katikati ya mnada, na ni mkono wa mwanawe uliovuta. Mabula alirudi anachechemea, akamshika kiwiko, akasema, "Twende nyumbani." Njia nzima hakutoa utani hata mmoja.

Nyumbani aliazima simu ya Suzana.

"Mayu! Shikamoo."

"Alois, mwano wangu uko kwenye gari."

Alois akacheka kile kicheko cha mtu anayetafuta pa kutokea. "Usikasirike, Mayu. Niliupeleka kwenye maonyesho kuonyesha kazi yetu ya kijijini, jamaa wa kampuni wakaupenda mno. Ndio ulionipa kazi, ujue! Sasa hivi kanda yote hii, Bulyanhulu, mpaka Rwamgasa kwenye mashimo ya dhahabu, wachimbaji wameuweka uwe mlio wa simu. Umekuwa staa."

"Uliapa."

"Niliapa wakati ule ni mradi wa shule. Na mambo yamebadilika. Mayu, mbona ni sauti tu?"

Sauti tu. Mtoto aliyetolewa majini kwa sauti hiyo! Theopista alimrudishia Suzana simu yake na wala hakukata, Alois akabaki anasema halo, halo, kwenye kiganja cha jirani.

Alikwenda kwa Magesa kushtaki. Magesa akakuna kichwa, akasema sungusungu wanakamata mwizi wa ng'ombe, mwizi wa sauti hana kwato za kufuata, na gari lina kibali. Alikwenda shuleni, akaambiwa mradi ulikuwa wa chuo. Akaomba wampigie mkubwa wa chuo. Huyo alisikitika sana, akasema kijana alishahitimu na aliondoka na nakala yake. Kila mtu alisikitika. Gari likaendelea kuja kila mnada, likaanza kupita na vitongojini. Mara ya pili wachache ndio waliokimbia. Mara ya tatu hakuna. Baadaye vijana wakauweka kwenye simu, na watoto wakawa wakimwona Theopista njiani wanapaaza, "Jackpoti!" Alianza kwenda kisimani wakati wa jua kali ili asikutane na mtu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapopandwa na hasira.

Kiangazi kilikuwa kirefu, kisima chao cha bondeni kikawa kinatoa tope. Mabula akasema atakiongeza kina. Theopista alimkataza, udongo wa pale ni kichanga, subiri vijana. Vijana wako mnadani wanabeti, akajibu, akashuka na sururu yake. Theopista alikuwa juu anavuta ndoo aliposikia ukuta unashuka. Alipochungulia, mumewe alikuwa amefukiwa mpaka kifuani, mkono mmoja uko nje, macho yanamtazama.

"Usishuke," Mabula akasema. "Utaniangushia na upande wa pili. Piga mwano, Mama Alois."

Akapiga. Kama siku ya mto, kama zaidi ya siku ya mto. Ukaenda bondeni, ukapanda kitongojini, na yeye akatega sikio kusubiri wa karibu aupokee, maana hivyo ndivyo inavyokuwa, hujawahi kuumaliza wa kwanza kabla hujasikia wa pili. Kimya. Akapiga tena. Toka mbali, kwenye kijiwe cha bao, mwanamume mmoja akaitika kwa sauti ya mzaha, "Jackpoti!" na wengine wakaangua kicheko. Theopista alikisikia kile kicheko vizuri kabisa.

"Hawaji?" Mabula aliuliza toka chini.

"Wanakuja, Baba Alois. Wanakuja."

Alipiga mpaka sauti ikageuka mkwaruzo. Ndipo akakimbia mwenyewe, akapanda mpaka kwa Suzana, akamkuta anapepeta mpunga. Suzana alipomwona na tope, ungo ulimtoka mikononi. "Mungu wangu, kumbe ni wewe! Nilijua ni lile gari." Wakaja sasa, wote, na majembe na kamba. Lakini ukuta wa pili ulikuwa umeshashuka, na pale pa kisima palikuwa tambarare kama hapajachimbwa. Waliponyoosha mikono kumtoa, kila mmoja alikuwa anatazama chini asikutane na macho ya mjane.

Alois alituma ujumbe kwamba yuko safarini Dar, azikwe tu.

Baada ya matanga Magesa aliitisha kikao cha sungusungu, na ilibidi, maana sheria inajulikana: mwano umelia, watu hawakwenda, mtu amekufa. Theopista alikaa kwenye kigoda na kaniki yake nyeusi, akisubiri kusikia mtu mmoja, mmoja tu, akisema tulikosa. Wakaongea sana. Tukitoza faini, nani atamtoza nani, kijiji kizima kilikuwepo. Huyu alidhani gari. Yule alidhani simu ya mwanawe. Kosa la nani? Wakazunguka hapo weee, mwisho Magesa akasimama.

"Tumeona hivi. Mwano wa Mama Alois umeshachanganyika na biashara, hauaminiki tena. Toka leo asiupige. Shida ikimpata atumie hii." Akamwekea mapajani filimbi, mpya, na kamba yake ya shingoni. "Hii tutaijua ni yeye."

Kwa hiyo adhabu ilimwangukia yeye! Mume kafukiwa, mwana kamuuza, na majirani waliocheka ndio wamekaa baraza kumfunga mdomo. Na walipotawanyika walimpa pole, kwa upole kabisa, mmoja mmoja. Theopista aliitikia kwa kichwa. Kilichomuuma hakikuwa na pa kutokea. Pa kutokea ndipo walipopafunga.

Siku moja asubuhi, anaanua michembe ya viazi vitamu juu ya jiwe nyuma ya nyumba, gari dogo likasimama. Alois akashuka, amenenepa, na mfuko wa sukari na kitenge kipya mkononi. Akatembea mpaka mbele yake, akainama.

"Shikamoo, Mayu."

Theopista aliendelea kuokota michembe.

"Mayu, shikamoo. Nimekuja kukupa pole. Kifo cha baba kimeniuma sana. Na ule mwano nimewaambia wautoe, wamekubali, mwezi huu tangazo linabadilishwa." Akaweka mfuko chini. "Ningejua, Mayu... Naapa..."

Hapo akainua uso. Alimtazama kijana huyu ambaye yeye alimbeba mgongoni siku ya kumzika Vumilia, na kwa mshangao akaona bado anampenda, na hilo likamuuma kuliko yote. Akaishika filimbi iliyokuwa shingoni mwake. Akaipuliza.

Akaipuliza tena, kwa pumzi yake yote, na mnajua pumzi ya yule mama. Kutoka kwa Suzana ikapokelewa. Kutoka kijiweni ikapokelewa. Vumbi likatimka pande zote, na kabla Alois hajafika kwenye mlango wa gari lake uwanja ulikuwa umejaa watu, fimbo juu, marungu, Magesa mbele na upinde wake, Suzana na mchi. Wakamzingira. Wa nyuma hawamwoni ni nani, wanauliza tu, "Mwizi yuko wapi? Ni huyu?" Alois akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta wa nyumba aliyokulia. 

"Mayu, waambie. Mayu!"

 Theopista akapita katikati ya fimbo, akasimama mbele yake, akawageukia watu.

"Huyu ni mwanangu," akasema, na sauti aliyosemea ilikuwa ile ya kunong'ona, ya baada ya mto. "Nyote mnamjua. Mlimtoa majini."

Fimbo zikashuka. Magesa alikuwa bado anahema. "Sasa, Mama Alois, ng'ombe wameibwa? Kuna moto?"

"Hakuna."

"Sasa filimbi ya nini? Unajua kupiga bure ni faini."

"Najua. Mbuzi yule pale kafungwa, mchukueni." Akawatazama, mmoja mmoja, na safari hii hakuna aliyewahi kutazama chini. "Nilitaka tu kujua kama njia ya kuja hapa mnaijua. Kumbe mnaijua. Na kumbe ni karibu hivi."

Kisha akawapisha, akarudi kwenye jiwe lake kumalizia michembe.